Mawe Meupe Juu ya Zombo

Watu huniambia niliache lile jambo, kwa sababu hakuna aliyekufa. Ni kweli, hakuna aliyekufa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa klabu, na kule mlimani neno la mwisho lilikuwa langu.

Klabu yetu ya jogging tuliianzisha hapa Mikumi tukiwa walimu watano na nesi mmoja. Baadaye akaja mama aliyekuwa akiuza supu stendi. Hospitalini walimwambia apunguze mwili kwa sababu ya presha. Kila Jumamosi alikuwa wa mwisho, na bado ndiye aliyetuendesha, maana yeye alianzisha nyimbo na sisi tukaitikia. Siku asipokuja tulikimbia kimya, kama watu wanaowahi msibani. Alikuwa akinipa shikamoo kwa heshima zote, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba ameshaanza kunitania kuhusu kitambi changu.

Mwaka ule klabu moja ya Morogoro ilirusha mtandaoni picha za wanachama wake wakiwa kileleni, wameshika bango. Nilizitazama picha zile mara nyingi kuliko nilivyopaswa. Wiki hiyohiyo nikaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba na sisi tutapanda mlima, upande wa Zombo, sikukuu ya Pasaka. Nesi akajibu kwamba hiyo ni katikati ya masika. Nikamwekea alama ya kucheka.

Tulifika Zombo asubuhi, watu kumi na mmoja, gari limetapakaa tope mpaka madirishani. Mkulima mmoja wa pale, mtu wa makamo, alikubali kutuonyesha njia. Alitazama juu, kulikofunikwa na wingu, akasema, "Tutakwenda. Ila radi ikianza tunageuka. Mvua ya kule siyo hii mnayoijua."

Mama wa supu alipanda vizuri mpaka mashamba ya mahindi yakaisha. Msitu ulipoanza, njia ikawa utelezi mtupu, naye akawa anasimama kila hatua chache, ameshika kiuno. Saa tano hivi tulifika penye mwamba mkubwa ulioinama kama paa. Akaketi chini yake.

"Mwalimu, miguu imegoma," aliniambia. "Bado mbali?"

"Nusu saa," mkulima akajibu kwa niaba yangu.

Nesi akasema, "Basi mmoja wetu abaki naye."

Watu wakatazama viatu vyao. Mama wa supu akacheka, akauliza, "Haya, nani anakaa na mimi?" Alikuwa ananitazama mimi.

Ningeweza kusema, mimi hapa. Lilikuwa jambo dogo kabisa. Badala yake niligusa bango la klabu yetu lililokuwa limekunjwa ndani ya begi langu, nikasema, "Hakuna haja. Tunakwenda na kurudi. Hapa hata mvua haikufikii." Nikampa chupa ya chai na kipande cha turubai.

"Haya, nendeni," alisema. "Msinisahau tu."

Tulikuwa ndiyo kwanza tumefika kileleni mvua ya mawe iliposhuka. Punje zilitupiga vichwani na mabegani, na kwa muda mfupi nyasi zote zikawa nyeupe. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona kitu cha namna hiyo ila kwenye televisheni. Walimu wazima waliokota barafu wakala, wakarushiana, wakapiga kelele za furaha. Nami nilifurahi. Nilipanga watu, nikakunjua bango, nikadai picha ya pili kwa sababu kwenye ya kwanza wingu lilikuwa limenifunika uso. Radi ikapiga. Mkulima alikuwa akinivuta mkono, nami nikamwambia, "Moja tu, ya mwisho."

Tulipogeuka, njia tuliyopandia ilikuwa imegeuka kijito. Mkulima akatupitisha upande mwingine wa mlima, kwa kuzunguka. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulishikana nguo tusipoteane. Tulipofika kwenye ule mwamba ilikuwa saa tisa. Turubai lilikuwepo. Chupa ya chai ilikuwepo. Mama hakuwepo.

Tuliita mpaka sauti zikakauka. Mkulima ndiye aliyemwona, chini kwenye korongo, ameketi ndani ya maji, amebaki na kiatu kimoja. Mwili haukuwa ukitetemeka tena, na nesi alisema hiyo ndiyo dalili mbaya. Mdomo wake ulikuwa umepinda upande mmoja. Tulimbeba kwa blanketi na miti miwili, tukiteleza na kuanguka naye, na tulifika kijijini kabla giza halijaingia. Wanawake wa pale walimvua nguo zilizolowa na kumkalisha karibu na moto. Hawakuniuliza chochote. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Alilazwa Kilosa kwa wiki kadhaa. Kilikuwa kiharusi. Mkono wa kushoto haukurudi, na maneno yalirudi machache, mazito. Meza yake ya supu ilichukuliwa na mtu mwingine, naye akahamia kwa dada yake hukohuko Kilosa. Klabu haikuvunjwa na mtu. Jumamosi moja tulifika wanne, iliyofuata wawili, kisha nikajikuta nimesimama barabarani peke yangu na fulana ya klabu.

Nilikuwa nikienda kumtembelea kila mwisho wa mwezi, na matunda mkononi. Dada yake ananifungulia, ananiwekea kiti, anatoka. Tunakaa. Mara ya nne au ya tano, nikapata ujasiri wa kumwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niliwasikia," alisema. Alitafuta neno, akalipata. "Mlikuwa mnacheka. Nikadhani mko karibu. Nikatoka kuwafuata."

Akajivutia kanga begani kwa mkono wa kulia.

"Nilikuita wewe. Wengine sikuwaita." Akapumzika kidogo. "Mwalimu, usije tena. Ukija, nasikia baridi."

Niliyaacha matunda juu ya kiti nikatoka. Nje dada yake alikuwa akianua nguo, akanishukuru kwa kuja, akaniuliza kama nitafika na mwezi ujao. Nikamwambia ndiyo. Sijarudi mpaka leo. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, na kila masika yanapoanza nafunga madirisha ya darasa mapema, wanafunzi wanalalamikia joto, nami nawaambia wavumilie.