Mitufaha Saba ya Mama

Enzi zetu kule Githongo, hukuuma tufaha kabla ya kulipasua. Ulilikata kwa kisu, ukachungulia, na mara nyingi ulikuta funza ameshakutangulia mezani.

Mama alikuwa na mitufaha saba nyuma ya jiko, pembeni mwa kahawa, na aliipenda kuliko kitu chochote shambani. Baba alikuwa ameichoka. Alisema anaipa msimu mmoja tu. Funza wakirudi, anaikata apande nepia, majani ya kulisha ng'ombe.

Mama akamwita afisa wa kilimo. Akaja na gambuti zake, akaagiza matawi yapunguzwe jua lipenye, matunda machanga yapunguzwe yasibanane, na yanayoanguka yaokotwe kila siku. Kuokota nikapewa mimi, msichana wa darasa la tano.

"Nisione hata moja chini, Kendi," Mama aliniambia.

Basi kila jioni, sweta ya shule bado mwilini, nilijaza ndoo, mikono ikinuka uchachu na nyigu wakinizingira. Halafu nikafanya vile tulivyofanya na maganda ya kahawa kutoka kiwandani: nikayamwaga yale matufaha kwenye mashina ya miti na kuyafunika kwa nyasi kavu. Mbolea ya bure! Nilijiona mkulima hodari kweli.

Msimu ulipofika, funza walikuwa wengi kuliko awali. Sikuelewa kabisa. Chini palikuwa safi, matawi yamekatwa vizuri, na bado kila tunda lina tundu. Mama alizunguka miti akirudia kwamba tumefanya yote tuliyoambiwa.

Jumamosi Baba akanoa panga. Mama alitangulia kwenye mti wa kwanza, akasukuma nyasi kwa mguu. Matufaha yangu yaliyooza yalikuwa pale, yakichezacheza kwa funza. Akanitazama. Nikaona amejua, ingawa mimi nilikuwa bado sijajua. Akarudisha nyasi kwa mguu uleule, akasogea kando.

"Kata tu, Baba Kendi," akasema.

Watoto wa siku hizi ukiwatuma chumvi wanataka kwanza waelezwe ni ya nini. Hunikera, lakini mimi huwajibu mpaka mwisho, kwa sababu mimi sikuthubutu kuuliza matufaha yanaokotwa kwa nini, nikawafugia funza palepale mashinani. Mama sasa ni mzee, nepia imejaa nyuma ya jiko. Neno moja lake lingeiokoa miti, nami ningechapwa. Nikienda kumtembelea tunaongea habari zote, na hiyo sijapata kumuuliza.