Kalondu wa Kambu na Neno la Haraka

Saa nne asubuhi. Lori la saruji halijazima injini, na Kalondu Muthama ameshafika mlangoni mwa hoteli yake, kitambaa begani.

"Karibu. Chai iko, chapati iko. Lakini kwanza nipe neno moja. Usifikirie!"

"Tairi," dereva anasema, akicheka.

Kalondu anamgeukia muuza vitunguu aliyeketi karibu na dirisha. "Na wewe, mama?"

"Pazia."

Sasa kila aliye mezani lazima aseme tairi na pazia vinakutana wapi. Mmoja anataja fundi aliyehamia gereji na mke wake, wakatundika pazia. Mwingine anabisha. Kalondu hakai. Anageuza chapati, anamimina chai, anarudi kuuliza, "Halafu?" Jioni ataandika hadithi, na kesho atawasomea wateja.

Mama huyu wa miaka 39 amepika chai hapa Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, tangu 1974. Shule aliiachia darasa la tano. Mchezo wake aliutoa kwao Kyuso, yeye na ndugu zake walipokuwa wakipalilia ndengu. Mama yake aliwapa maneno mawili mwanzoni mwa kila mstari wa shamba. Ukifika mwisho, uwe na hadithi.

"Tulisahau jua," anasema.

Mwaka jana, mchezo huo nusura umfungie hoteli.

Ilikuwa Oktoba 1987. Abdallah Amin, dereva mzaliwa wa Mwingi na mteja wake wa siku nyingi, alitoa neno "breki". Abiria mmoja akasema "harusi". Kalondu akaandika habari ya lori la maharusi lililokatika breki mteremkoni, wote wakafa. Aliposoma, watu walipiga makofi.

Wiki iliyofuata, lori la Abdallah lilikatika breki karibu na Mtito Andei, likapinduka. Habari zilifika Kambu nusunusu. Hakuna aliyejua kama yu hai.

"Mama Kavata," alisema Mutie, jirani mwenye duka, akimwita kwa jina la bintiye, "umemwandikia mtu kifo."

Alisema mbele ya watu. Madereva wakaanza kupita bila kusimama. Kuna siku Kalondu aliuza vikombe sita tu.

"Sikuweza kutulia," anakumbuka. "Naosha vikombe visafi. Lori likisimama kwa Mutie, natoka mbio kuuliza. Hakuna anayejua. Ile hadithi nikaitia kwenye jiko, nikajiuliza, kweli ni mimi?"

Februari mwaka huu, Abdallah aliingia hotelini akitembelea magongo. Kalondu alilia hata chai ikafurika motoni. Dereva aliposikia yaliyosemwa, alimwita Mutie.

"Zile breki zilikuwa mbovu miezi mitatu," alimwambia. "Nilimweleza tajiri mwenye lori mpaka nikachoka. Nalala na breki, naamka na breki. Mama alipotaka neno la haraka, ningesema nini tena?"

Mutie alivuta kiti, akaagiza chai.

Wateja wamerudi. Utulivu haujarudi. Siku hizi mtu akitaja "homa" au "polisi", Kalondu humfuata hadi kwenye lori kumwuliza kuna nini.

"Wengine wananikasirikia. Sawa tu. Abdallah alisema breki, nami nikacheka."

Mchezo hajauacha. Hadithi ya maharusi ameianza upya, na safari hii hajui imalizikeje.

Majuzi Abdallah alimgeuzia kibao. "Na wewe, mama, neno lako? Haraka!"

"Tikiti!"

Watu waliangua kicheko. Mutie alikwenda dukani kwake, akarudi amekumbatia tikiti maji zima.

"Si hilo, jamani," Kalondu alisema. "La treni."

Ameiandika Mombasa mara nyingi kwa maneno ya wapita njia, lakini hajawahi kuvuka Mtito Andei. Desemba, shule zikifungwa, anataka kwenda Makindu, apande treni ashuke hadi baharini. Kavata, mwenye miaka kumi na saba, ndiye atakayeishika hoteli.

"Utarudi lini?" binti anamwuliza.

Kalondu anamsogezea sinia. "Wewe jifunze kukanda unga."