Nusu Mita ya Kalervo

Kalervo Tirkkonen alimwonea wivu Reijo Pakarinen tangu utotoni, na katika mji wao mdogo huko Savo, nchi ya theluji, hakuna asiyelijua hilo. Hata muuza soseji alilijua. Nyumba za wazazi wao zilikuwa pua na mdomo, baba zao walifanya kazi kiwanda kimoja cha mbao, na kilima cha kurukia kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, kilikuwa nyuma ya nyumba zote mbili. Hapakuwa na namna ya kumkwepa Reijo.

Na kama dunia ingekuwa na haki, Kalervo ndiye angefika mbali. Akiwa hewani alitulia tuli, skii zake zimelala sambamba, mikono ubavuni, waamuzi wakatafuta kasoro wasiione. Reijo alirusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Lakini alikwenda mbali, basi, upepo ulimpenda. Timu ya taifa ilipochaguliwa, akachukuliwa Reijo, Kalervo akawekwa akiba. Mwaka uliofuata vilevile. Reijo akaenda Austria, akarudi na medali ya shaba, akapokewa kwa tarumbeta kituo cha treni. Kalervo alikuwepo, nyuma ya umati, anapiga makofi huku meno yameumana. Kisha vijana wakaja na mtindo wa kutanua skii hewani, na ule uzuri wake wote ukawa wa kizamani. Akaacha kuruka, akaingia kiwandani alikokuwa baba yake.

Kwa kitu kimoja tu alimshinda Reijo. Jumapili moja ya Februari, katika mashindano ya nyumbani, Kalervo aliruka mita themanini na sita na nusu. Reijo akafuata, akitaka kuipita, akaanguka chali mbele ya mji mzima. Jina la Kalervo likachongwa kwenye ubao wa rekodi katika mgahawa wa kilima, na kwa zaidi ya miaka thelathini halikuguswa. Wenye vipaji walihamia vilima vikubwa vya Kuopio na Lahti. Reijo alikuwa na medali, nyumba kando ya ziwa, na binti anayeruka. Kalervo alikuwa na ubao.

Umri uliposogea akawa mpimaji. Pale kwao umbali ulipimwa kwa macho: wapimaji walisimama kwenye ngazi kando ya mteremko, kila mmoja na mita zake chache, na mrukaji akitua mbele yako, unainua mkono na kutaja umbali. Kila mwaka Kalervo aliomba asimame penye rekodi yake, palipofungwa utepe mwekundu, ambapo hakuna aliyewahi kutua.

"Unalinda shamba lisilo na mazao, bwana," Mauno, mkuu wa wapimaji, alimtania.

"Acha nililinde. Wewe linakuuma nini?"

Halafu halmashauri ikaamua kukibomoa kilima. Mbao za mnara wake wa kurukia zilikuwa zimeoza. Watu walilia. Kalervo alinunanuna pamoja nao, lakini moyoni alikuwa na raha yake ya siri, kwa sababu rekodi ya kilima kisichokuwepo haivunjwi. Yalibaki mashindano mamoja tu. Na Saimi, binti wa mwisho wa Reijo, angeruka. Alikuwa na bahati ya baba yake na, hili ndilo lililomchoma Kalervo, utulivu wa Kalervo mwenyewe hewani.

Siku hiyo Reijo alisimama kwenye ngazi za upande wa pili, chupa ya kahawa mkononi.

"Kalervo! Miguu haijaganda?"

"Yangu mizima. Yako je, uliiacha Austria?"

"Chunga utepe wako leo! Saimi kala mkate mzima wa samaki asubuhi."

"Basi mzito huyo. Atatua huko juu kwa Mauno!"

Saimi alikuwa wa mwisho. Alipaa, akakaa hewani mpaka Kalervo akasahau kupumua, akatua mbele yake hasa, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kama anavyotua mwenye adabu ya kazi. Mguu wa mbele ulipita utepe. Umati chini ukalipuka. "Rekodi! Rekodi!"

Lakini umbali hupimwa katikati ya miguu miwili, na mguu wa nyuma ulikuwa mbali nyuma ya utepe. Kalervo aliona wazi. Amepungukiwa nusu mita. Na papo hapo akajua watasema nini, maana maisha yake yote amewaonyesha kijicho chake bila kukificha. Kwa kitambo alitaka kumpa tu, yaishe. Kisha hasira zikampanda. Rekodi ni yake, si ya Saimi! Akainua mkono.

"Themanini na sita!"

Miluzi ikaanza. "Mwizi!" "Kijicho hicho!" "Mpaka mtoto wa mtu, Kalervo?" Mauno akashuka ngazi akitweta.

"Sema kweli, bwana. Watu wote wameona mguu umepita."

"Mguu mmoja! Tangu lini tunapima mguu mmoja?"

"Sawa, ila wewe... we mwenyewe unajijua."

Kalervo hakuushusha mkono. Ndipo Reijo, ng'ambo ya mteremko, akainua mkono wake.

"Mpimaji yuko sawa! Themanini na sita. Nimeona kwa macho yangu!"

Watu wakapiga makofi. Walimpigia Reijo. Walimpigia kuliko siku ya tarumbeta. "Muungwana huyo! Kamnyima binti yake mwenyewe!" Mkono wa Kalervo ulikuwa bado juu, na hakuna aliyeutazama.

Mgahawani Reijo alizungushwa meza hadi meza akinunuliwa kahawa. Saimi akaja kumpa Kalervo mkono. "Hongera, Mzee Kalervo. Rekodi ni yako moja kwa moja sasa." Mauno akaubandua ubao wa rekodi ukutani, akampa, akarudi haraka kwenye meza ya Reijo.

Nyumbani, alipokuwa akiugongomea ubao ukutani, Hilkka, mkewe, alimshikia misumari.

"Umeipata ya milele, mume wangu. Mbona umekunja uso?"

"Wamempigia makofi yeye."

"Si ndiye aliyekuokoa?"

"Ndiyo hiyo!" Kalervo akaishusha nyundo. "Laiti angedanganya, Hilkka. Mara moja tu maishani angedanganya, nami nimchukie kwa raha."