Mwongozaji Aliyechaguliwa na Uzi

Muuguzi wa chumba cha vidonda walimwita Uzi, naye jina hilo hakulichukia hata kidogo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameshona kila mahali ambapo nguruwe pori anaweza kumchana binadamu: mapaja, viganja, makalio, na siku moja sikio la mtu mzima aliyelia kama mtoto. Alishona vizuri, mishono midogo iliyojipanga, na huku akishona alisema. Hapo ndipo watu walipomwogopa. Ganzi ilizuia maumivu ya kidonda, lakini maneno ya Uzi hayakuwa na ganzi.

"Ulikwenda kumtafuta nguruwe, ukampata. Sasa unalia nini?" angemwuliza mtu. "Tulia hapo, usinisumbue."

Wanaume aliwadharau karibu wote, lakini wawindaji aliwaweka kwenye fungu lao peke yao. Mtu ana mke, ana akili zake, ana kazi ya kumlisha, anaacha vyote anakwenda kichakani kumchokoza mnyama mwenye meno nje! Na chini kabisa ya hao wawindaji Uzi aliwaweka waongozaji wao, wale wenye mbwa na bunduki wanaotembea mjini kama waliozaliwa porini. Hao aliwatengea msonyo maalumu, mrefu, na waliokaa kwenye benchi la nje wakiusikia walijua aliyeingizwa ametoka kuwinda.

Binadamu mmoja tu hakuwahi kumsonya, naye alikuwa mdogo wake wa mwisho, seremala. Mama yao alifariki kijana akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu, Uzi akamlea, akamsomesha, akamtafutia ufundi, akamkatalia mchumba wa kwanza na kumkubalia wa pili. Sasa seremala alikuwa na karakana yake na shamba la mahindi nyuma ya bonde, na msimu ule nguruwe waliliingia mara tatu. Mara ya tatu hawakumwachia hata mahindi ya kuchoma. Ofisi ya wanyamapori ikatoa kibali cha msako, majirani wawili wakakubali kwenda naye, na kilichobaki kikawa kumpata wa kuwaongoza.

Akaja kwa dada yake saa nne asubuhi, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Dada, wewe hawa waongozaji unawajua wote. Nimchukue nani?"

"Usiende," alisema Uzi.

"Nisipokwenda mwakani nitalima nini? Nani, dada?"

Uzi akaliweka chini koleo alilokuwa anasafisha. Ukweli ni kwamba swali lilimpendeza. Nani mwingine angewajua kuliko yeye? Wengine walisikia majigambo yao vijiweni, yeye alizipokea kazi za mikono yao mezani, zinavuja damu.

"Haya. Kuna yule Kofia, mwenye manyoya kichwani kama jogoo wa mtu. Domo lile! Ukimsikiliza utadhani nguruwe wakimwona wanajipanga mstari wapigwe. Mwaka jana alimwaga mtu pale getini, mguu umepasuka hivi, akawasha pikipiki akaondoka. Hata jina la mgonjwa hakuacha. Takataka."

"Kofia sikumfikiria," alisema seremala. "Jirani yangu anamtaja Bwana Kesho."

Uzi akacheka kwa pua. Bwana Kesho alikuwa mtu mfupi, mkimya, anayeuza mkaa siku zisizo za msako. Jina hilo alilipata kwa tabia yake ya kugeuza watu njiani. Upepo ukihama na kumpelekea nguruwe harufu yao, kesho. Mbwa mmoja akichechemea, kesho. Akimnusa mwindaji mmoja harufu ya pombe, wote warudi nyumbani, kesho.

"Yule mwoga? Kazi yake ni kuwatembeza watu kwenye umande na kuwarudisha. Mara ngapi wamerudi mikono mitupu? Anaogopa nguruwe, anajificha nyuma ya upepo. Mwanamume gani yule?" Akasonya. "Hapana. Utakwenda na Mpole."

"Mpole yupi?"

"Mrefu, mwenye sauti ya chini. Huyo ndiye mtu mwenye utu katika kundi zima. Mtu wake akiumia hamkimbii. Anambeba mwenyewe, anavua viatu mlangoni, anasema shikamoo, anamshika mgonjwa mkono mpaka mshono wa mwisho. Kesho yake anakuja kumjulia hali. Nimemwona kwa macho yangu, sikusimuliwa."

Seremala akajikuna shingo. "Jirani anasema huyo Kesho..."

"Jirani yako ameshona wangapi?"

Hapo kijana akainuka kitini. Alikuwa amezoea tangu utotoni kwamba dada akishasema, limekwisha. Akaaga, akaenda kumtafuta Mpole, na Uzi akarudi kwenye koleo lake ameridhika. Mpaka mchana ule alimweleza kila aliyeingia jinsi watu wasivyojua kuchagua.

Jumamosi wakaenda. Saa sita hivi, Uzi akiwa anamfunga bibi mmoja bandeji ya kidole, alisikia sauti ya chini mlangoni.

"Shikamoo, dada."

Mpole alikuwa amevua viatu. Mgongoni alimbeba mtu, na mtu huyo nyusi zake zilikuwa na vumbi la mbao.

Uzi hakupiga kelele. Alimsogeza bibi kando, akakata suruali kwa mkasi, akaona. Jino lilikuwa limeingia nyuma ya goti na kushuka. Kidonda kilikuwa kimefungwa vizuri kwa shati, fundo la mtu anayejua kufunga. Kilichomkata Uzi maini ni mguu wenyewe. Unyayo ulining'inia.

"Nyanyua vidole," alisema.

"Nanyanyua, dada."

Havikunyanyuka.

Akamwita daktari, daktari akachungulia, akasema mshipa wa fahamu umekatika, amfunge vizuri apelekwe hospitali kubwa leo hii, ila wasitegemee sana. Akatoka. Uzi akaanza kusafisha. Alinyoosha mkono kutaka beseni, na kabla hajasema neno beseni likafika. Mpole alikuwa amelitoa chini ya rafu ya pili, nyuma ya maboksi ya glavu, mahali ambapo hata muuguzi mpya alichukua mwezi mzima kupajua. Kisha Mpole akafungua droo ya kushoto, siyo ya kulia ambayo hukwama, akatoa pamba.

Uzi akamtazama.

"Ilikuwaje?" aliuliza.

"Upepo uligeuka, dada. Tulikuwa tumeshakaribia, vijana wana hamu, nikaona nisiwavunje moyo." Alisema kwa upole uleule, ameinamisha kichwa, mkono wake umemshika seremala begani. "Poleni sana. Pole, mdogo wangu."

"Umeshaleta wangapi humu?"

"Sijahesabu, dada. Wote nawaleta. Siwezi kumwacha mtu."

Uzi akatafuta msonyo wake asiupate. Alitamani kumtukana, lakini kwa lipi? Mtu alikuwa vilevile alivyomsifu. Akashona. Siku hiyo hakusema, na ukimya huo ulimwogopesha seremala kuliko kidonda.

"Dada, nitasimama kwenye benchi langu?"

"Nyamaza nishone."

"Randa inataka miguu miwili, dada."

"Nimesema nyamaza," alisema Uzi, na machozi yakadondokea kwenye glavu, ikabidi abadilishe nyingine.

Gari la wagonjwa likakawia. Uzi alitoka nje kulitazama, akiwa bado amevaa aproni yenye damu. Alikuwa amewadharau watu maisha yake yote na kila mara alijiona yuko juu yao. Sasa alijisikia mjinga, mjinga wa kutupwa, na hakuwa na wa kumgawia ujinga huo.

Getini alisimama mtu mfupi mwenye masizi ya mkaa shingoni. Alikuwa ameshika mfuko wa matunda kwa mikono miwili, anageuka kushoto, anageuka kulia, anasoma vibao vya milango mmoja baada ya mwingine. Habari zilikuwa zimemfikia kupitia jirani. Alipomwona Uzi akamsogelea kwa heshima.

"Samahani, dada. Nimekuja kumwona seremala. Chumba cha vidonda ni kipi?" Akatabasamu kwa aibu. "Mwaka wa kumi na tisa huu naongoza watu porini, na humu sijawahi kuingia."

Uzi akanyoosha kidole kuelekea mlango.