Mlenda wa Mtu Mmoja

Juzi mchana, kwenye ofisi moja pale Mtumba, karani kijana anayeishi peke yake alifungua hotipoti yake: ugali wa uwele na mlenda wa karanga. Sisi wengine tulikuwa na chipsi mayai.

"Mwanangu, mshahara umeisha?" mama wa masjala akamtania.

"Hapana, mama, nalinda afya. Nikiugua, wa kunikorogea uji ni mimi mwenyewe."

Nilimvulia kofia kimoyomoyo. Akachovya tonge, akalizungusha hewani kukata utelezi, kisha akasema kama ilivyo desturi, "Karibuni."

Alitegemea tujibu "asante". Mama wa masjala alikuwa ameshanawa, nami nikamfuata.

Saa tisa nilimkuta kijana wa watu kwenye foleni ya chipsi.