Meno Matatu ya Mdoli wa Mzee Anselme

Mzee alisikiliza wimbo wa mdoli mpaka mwisho, akamgeukia bintiye. "Huyu si wetu. Umemuuza wa mama yangu, ukaniletea wa dukani."

Mdoli alikuwa yuleyule. Najua, maana niliyemkarabati ni mimi.

Hapa Paris hii ndiyo kazi yangu, mwaka wa thelathini sasa. Midoli ya kale ya muziki, ile ukiizungusha ufunguo inageuza shingo na kujipepea. Wakusanyaji wanaigombania kama mpira wa kona. Macho yangu yameisha, mgongo ndio usiseme.

Ghislaine aliniletea huyu kwa siri. Baba yake, mzee Anselme, ana miaka tisini na daktari keshasema siku zake ni za kuhesabu. Alitaka amfurahishe kabla hajaondoka.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kwenye kitana cha chuma kinachotoa sauti, meno matatu yalikuwa yamevunjika. Wimbo ukifika katikati unanyamaza kidogo, halafu unaendelea.

Fundi gani anaacha pengo? Nikachonga meno mapya, nikayalinganisha sauti wiki mbili nzima. Nguo sikugusa wala uso, maana mkusanyaji ukimfutia hata vumbi la zamani anakususa. Nilijiona mjanja kweli.

Sasa mzee kagoma kula. Siku ya tatu Ghislaine akanipigia simu. Baba hataki hata kumtazama, anamwita mwizi. Akifa hivi, aliniambia, nitabaki na neno hilo mpaka na mimi nife.

Nikapanda ghorofa tano bila lifti. Acha tu.

Nikamwonyesha mzee gauni lilelile, kidole kilekile kilichomeguka. Akanijibu taratibu, "Fundi, usinifanye mtoto. Wetu alikuwa ananisubiri."

Nikamuuliza anamsubirije. Ndipo akasimulia. Meno aliyavunja yeye mwenyewe kwa pini ya nywele, akiwa na miaka sita. Mama yake hakumchapa. Tangu siku hiyo, wimbo ukifika pale penye pengo, mama alikuwa analiita jina lake, kisha mdoli anaendelea.

Aibu ilinishika. Wiki mbili nimekaa naziba mahali pa jina la mtu.

Nikachukua koleo. Ghislaine akaniuliza kama nina akili timamu, bila meno yale nani atamtaka. Nikamwambia anayemtaka ndiye huyo kitandani. Nikayang'oa yote matatu.

Wimbo ukaanza, ukafika pale, ukanyamaza. Mzee akamtazama bintiye, akingoja.

Ghislaine alikuwa hajawahi kumwita baba yake kwa jina maishani.

"Anselme," akasema.

Mdoli akaendelea. Mzee akamshika mkono bintiye, akaomba supu ya vitunguu. Alifariki Jumapili, wamepatana.

Ndugu zangu, kabla hujakirekebisha cha mtu, muulize amekizoeaje. Mwenzako anaweza kuwa anaishi ndani ya kasoro hiyohiyo.