Swali la Fundi wa Shokomzoba

Yule fundi wa pikipiki wa kichochoroni, huku kwetu Mji wa Kale, amefariki. Tumemzika Ijumaa baada ya swala, nami nimerudi nyumbani nimekasirika. Watu waliokuwa wakimwita Kadhi kwa wingi wa maswali yake walisimama makaburini wakimsifu kwamba hakuna fundi kama yeye. Mbona hawakusema alipokuwa akishinda kutwa bila kazi? Lakini nisiwaseme sana wenzangu, maana aliyeanza kumharibia jina ni mimi.

Kazi aliyoipenda ni shokomzoba za mbele, yale mabomba yenye springi na mafuta yanayomeza mitikiso. Mafundi wengine walimimina mafuta mazito, chombo kikawa kigumu kama mchi, wakakwambia sasa ni kipya. Yeye alifunga uzi kwenye bomba la shokomzoba, akakuketisha juu ya pikipiki, kisha akakushusha. Pale uzi uliposukumwa palimwonyesha uzito wako umeizamisha springi kiasi gani. Hapo ndipo alipochagua mafuta na kukata kipande cha bomba la maji cha kuikazia springi. Nilimpelekea pikipiki yangu mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, kwa kuwa iliinamisha pua kila niliposhika breki. Mkabala na karakana palikuwa na baraza, na wanaume wamejaa na kahawa zao.

"Wapakia nani nyuma?" akaniuliza.

"Simpakii mtu."

"Na ahali yako je, hapandi?"

Damu ilinichemka. Kila Jumamosi nilimpakia mke wangu kutoka nyumbani hadi Liwatoni kununua samaki. Lakini ningekiri, angetaka nimlete na buibui lake akalie chombo, apimwe mbele ya baraza zima! Nikajibu, "Hapandi."

"Haya. N'taitengeza ya mtu mmoja. Ukipakia wa pili, rudi niikaze."

Sikurudi. Jumamosi ya pili, kwenye mteremko wa Liwatoni, nilishika breki ghafla, mbele kukazama kukagonga chuma, tukaanguka. Mke wangu alivunjika mkono. Nami, kwa aibu, nikaenda barazani kutangaza kwamba fundi ameniharibia chombo. Alikuwa pale pale, spana mkononi. Alinitazama, akasema, "Mpe pole mgonjwa," akarudi kazini. Wateja wakaanza kumkimbia. Mke wangu aliniambia nikamtake radhi, nikasema kesho, na kesho hiyo imechukua miaka.

Mficha uchi hazai, walisema wazee, nasi bado twaficha. Twampelekea daktari nusu ya maradhi na fundi nusu ya habari, kisha twataka kazi kamili. Anayeuliza twamwona mjuvi, na anayepiga nyundo bila kuuliza ndiye twamwita hodari. Hili laniudhi, na laniudhi zaidi kwa kuwa nami ni mmoja wao.

Makaburini, mtoto wa nduguye, mtu mzima aliyefanya naye kazi, alikuwa akisimulia karibu yangu. "Ami alimuuliza kila mtu mara mbili kama apakia. Alisema kuna mteja alimficha, mkewe akaumia. Tukimuuliza ni nani, hujibu, 'Mwacheni na sitara yake.'"

Mimi nilidanganya nikidai namsitiri mke wangu. Yeye alinisitiri mimi mpaka kaburini. Basi mjue, mteja huyo ni mimi, na fundi hakukosea kitu. Nawe ukiulizwa na fundi wako wapakia nani, mjibu kweli papo hapo, maana radhi niliyoiomba Ijumaa juu ya kaburi lake haikuwa na wa kuipokea.